Mbwa Aliyechoka Kuwa Mgeni

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba au ya watu wanaosinzia? Haya, tena, na kina baba nao waitikie, wasijifanye hawapo. Paukwa!

Pakawa!

Naam. Hapo zamani za kale, zamani hizo binadamu hajulikani alipo, palikuwa na kijiji cha wanyama. Walijifuga wenyewe, walijilimia wenyewe, na sheria walijitungia wenyewe.

Pembeni mwa kijiji aliishi punda jike, jina lake Bi Sikudhani. Ujanani alibeba mizigo ya kijiji kizima. Akabeba, akabeba, mpaka mgongo ukamkatalia. Mgongo ulikataa, moyo haukukataa. Akajenga banda la miti na makuti, akatangaza: "Yeyote asiye na kwao, na aje hapa. Nitamtafutia kwao."

Na kweli. Alikuja jogoo kipofu, akapata kwao. Alikuja mbuzi kilema, akapata kwao. Walikuja sungura wawili, mapacha, wanagombana kutwa kucha. Nao wakapata kwao, kila mmoja kwake.

Ukimwuliza, "Bi Sikudhani, huchoki?" atakujibu, "Nachoka. Kwani kuchoka ndiko kushindwa?" Tabia yake ndiyo hiyo. Punda akishazipanda kwato zake chini, hata mwite kifaru aje kumsukuma, mtashinda hapo kutwa.

Siku moja mvua inanyesha, cha-cha-cha-cha. Mara akaingia mbwa. Kijana, mbavu nje, masikio wima, mkia hautulii. Hana mama, hana baba, hana anayemjua. Jina lake Pirika. Akaingia mbio, puruu! Akalizunguka banda mara saba, akaangusha mtungi wa maji, akasimama mbele ya punda anahema.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Umetoka wapi wewe?"

"Sijui, bibi. Nitume!"

"Nikutume wapi?"

"Popote!"

Akaanza kuimba. Mimi nitauimba wimbo wake, nanyi mtaitikia: nitume!

Miguu yangu yawasha! Nitume!
Mkia wangu wacheza! Nitume!
Mbali mimi nitafika! Nitume!
Na nyumbani nitarudi! Nitume!

Bi Sikudhani akacheka mpaka mgongo ukamuuma. "Tulia, mjukuu wangu. Kwanza tukupatie hapo nyumbani pa kurudi."

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo penye kazi. Kijiji kile kilishika sana neno la wahenga: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asiye na kwao akipelekwa kwenye nyumba, siku mbili ni mgeni. Anatandikiwa mkeka. Anapewa uji. Hagusi jembe, hashiki ufagio, hatumwi hata kwa jirani kuomba moto. Ndani ya siku hizo mbili, wenyeji wakimchoka wanaweza kumrudisha. Ikifika siku ya tatu, akashika kazi, basi. Amekuwa mtoto wa nyumba ile, harudishwi tena mpaka kufa. Banda la Bi Sikudhani halikuhesabiwa, lilikuwa la kupitia tu.

Kulikuwa na sheria nyingine, ya Jumbe Beberu, mkuu wa kijiji, mwenye ndevu ndefu kuliko subira yake. Asiye na kwao akirudishwa mara tatu, anavushwa mto, anaachwa ng'ambo. Na ng'ambo wanaishi fisi. Siendelei, wengine bado mnakula.

Bi Sikudhani akampeleka Pirika kwa Mwinyi Paka, msuka mikeka.

"Hodi!"

"Karibuni! Karibu mgeni! Keti hapa mkekani."

"Shikamoo, baba. Nitume!"

"Ala! Mgeni hatumwi. Keti."

Pirika akaketi. Akaketi. Akaketi tena. Mguu wa nyuma ukaanza kutikisika wenyewe. Juu ya kamba ulining'inia ukili wa Mwinyi Paka, ule utepe wa kushonea mikeka, kazi ya mwezi mzima, unapeperushwa na upepo. Pirika akautazama. Ukili ukapepea. Pirika akaurukia, hap! Akaukimbiza uani, akaukimbiza barabarani, akauzungusha kwenye mipapai mitatu, mpaka mipapai ikaonekana imefungwa bandeji.

Adhuhuri Mwinyi Paka yuko mlangoni kwa punda, masharubu yanamtetemeka. "Chukua mgeni wako, Bi Sikudhani. Huyu si mgeni, huyu ni upepo wenye meno."

Moja hiyo.

Bi Sikudhani hakulia. Akampeleka kwa Mama Bata, mfinyanzi. Njiani akamwonya: "Ukifika, tulia. Utulivu ndio utakaokupa kwenu."

"Nitatulia, bibi."

Na alijitahidi, msimwonee. Siku ya kwanza aliuma mkia wake mwenyewe kwa meno ili usicheze. Alisema "Nitume" kidogo tu, chini ya pumzi. Mama Bata, roho nzuri yule, akawa anamwambia, "Kula uji, mgeni wangu. Lala, mgeni wangu. Usijisumbue, mgeni wangu." Siku ya pili, mchana, vyungu vimeanikwa uani, vibichi, vinangoja kuchomwa. Akapita mjusi. Mjusi tu! Tena mdogo! Pirika akasema moyoni, sitaki. Miguu ikasema, sisi tunataka.

Kacha! Kacha! Kacha! Vyungu kumi na vinne.

Mama Bata akakaa chini akalia. Pirika naye akakaa chini akalia. Wakalia pamoja, halafu akarudishwa.

Mbili hizo.

Jioni ile Jumbe Beberu akapita bandani, anachezea ndevu. "Bi Sikudhani, umebakiwa na nyumba moja."

"Moja yatosha," akasema punda. "Hata banda langu lina mlango mmoja, na siku zote napita."

"Na akirudishwa?"

"Jumbe, jioni njema."

Alijibu kwa ukali, lakini Jumbe alipoondoka alibaki akiutazama ule mlango mmoja. Aliogopa. Aliogopa kweli. Pirika alikuwa amejikunja pembeni, hali, haimbi. Akamwuliza, "Bibi, fisi nao humwambia mtu akae mkekani?" Bi Sikudhani akageuza uso ili mtoto asimwone.

Kulipokucha, mgongo wa punda umekaza. Hawezi kuinama, hawezi kugeuka. Maji hakuna. Kuni hakuna. Akasema bila kufikiri, "Pirika, hebu nenda kisimani kaniletee maji."

Lo! Mngemwona! Masikio wima! Puruu! Kaenda, karudi, kibuyu kimejaa, hakumwaga hata tone. "Nitume tena!" Akamtuma kuni. Puruu! Karudi na kuni. Akamtuma kwa jirani kuomba moto. Puruu! Karudi na kijinga cha moto mdomoni, hakujiunguza, hakuunguza banda. Kutwa nzima punda anatuma, mbwa anakwenda. Alasiri ilipofika, Pirika akalala miguuni pa bibi yake. Kimya. Mkia kimya. Mjusi akapita puani pake, naye akafungua jicho moja, akalifunga.

Bi Sikudhani akamtazama. "Kumbe!" akasema. "Kumbe na mimi ni mmoja wao!"

Kwa maana hata yeye, siku zote hizo, alimwambia mtoto tulia, tulia. Mapumziko ya siku mbili waliyaweka wahenga kwa ajili ya aliyechoka, aliyetembea mbali na mzigo kichwani. Huyu hakuchoka. Kila walipomheshimu, walimfunga. Walimpa mkeka, na yeye alikuwa anaomba njia. Ameomba tangu siku ya kwanza, tena kwa wimbo, na wote walisikia kelele tu.

Punda akapanda kwato zake chini. "Kesho," akasema, "safari hii hakuna mgeni."

Asubuhi wakaenda kwa Mama Ng'ombe, mjane, mwenye shamba la mtama kando ya mto. Mtama umeiva, umeinamisha vichwa. Na nyani nao wanajua umeiva. Mama Ng'ombe alikuwa anakimbizana nao peke yake tangu alfajiri hadi machweo, mbio zenyewe ndizo hizo mnazozijua za ng'ombe. Macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Na Jumbe Beberu akawafuata nyuma, aone mwisho wake.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni! Karibu, mgeni wangu!" Mama Ng'ombe akakimbilia mkeka, maana kwa ukarimu hakuna aliyemfikia. Akautandaza, fua! Bi Sikudhani akaukanyaga kwa kwato.

"Usitandike."

"Dada, unanifanyia nini? Mgeni akae chini kwenye vumbi?"

"Sikuleta mgeni. Nimeleta mtoto. Mpe kazi leo."

"Leo! Watu wasemeje? Mama Ng'ombe kampa mgeni jembe hata uji hajanywa! Aibu gani hiyo unayonitakia?"

Jumbe Beberu akakohoa. "Tena sikia vizuri, mama. Ukimtuma leo, siku zako mbili zimekwisha. Umeshamfanya wako. Humrudishi tena, hata akikuangushia nyumba."

Mama Ng'ombe akautazama mkeka uliokanyagwa. Habari za ukili alizisikia. Habari za vyungu alizisikia, na viwili kati ya vile vilikuwa vyake, alivyoagiza. Akamtazama Pirika. Pirika ameketi, amejibana, amejikusanya.

"Dada," Mama Ng'ombe akasema polepole, "na akinivunjia?"

"Atakuvunjia. Nani amelea mtoto asivunjiwe? Utamgombeza. Mgeni hagombezwi, anavumiliwa mpaka siku zake ziishe. Huyu amevumiliwa vya kutosha."

Kabla hajajibu, hoo! hoo! hoo! Nyani! Wametoka mtoni, wakubwa kwa wadogo, wameingia kwenye mtama. Wanakunja mabua, kwacha! kwacha! Wanajaza mashavu. Nyani mkubwa kabisa akapanda juu ya kichuguu, akamgeuzia Mama Ng'ombe makalio.

Pirika akatetemeka mwili mzima, kuanzia pua hadi ncha ya mkia. Lakini hakutoka alipo. Aliambiwa atulie, akatulia, machozi yanamtoka.

"Mama," akasema. "Nitume."

Mama Ng'ombe akatazama mtama. Akamtazama Jumbe. Akamtazama mtoto yule anayelia kwa kuambiwa akae. Moyo wake ukafanya puu, ukaanguka upande mmoja na haukurudi tena.

"Nenda!" akasema. Kisha akapaza sauti, mpaka ng'ambo kwa fisi wakasikia: "Nenda, mwanangu! Nenda!"

Puruuu!

Semeni nanyi! Miguu yangu yawasha! Nitume! Mkia wangu wacheza! Nitume! Alipita kwenye mtama, mtama ukafunguka njia. Akatokea huku, nyani wakaruka kule. Akatokea kule, nyani wakaruka huku. "Mbwa mmoja!" akalia nyani mkubwa. "Ni kumi!" wakajibu wenzake. "Wako kila mahali!" Chubwi! Wa kwanza mtoni. Chubwi, chubwi, chubwi! Wa mwisho akatema mtama aliokuwa nao shavuni, akauacha.

Pirika akarudi. Ulimi nje, tope hadi masikioni, makapi mgongoni. Akasimama mbele ya Mama Ng'ombe, akangoja.

Mama Ng'ombe akatazama shamba. Akamtazama tena. "We Pirika!" akafoka. "Mstari mzima umenikanyagia! Hukuona njia? Na miguu hiyo huingii nayo ndani ya nyumba yangu, umenisikia? Kanawe! Halafu urudi tule, na kesho upite kando!"

Jumbe Beberu akashtuka. Akadhani mtoto ameshakataliwa. Lakini Pirika alikuwa amefungua macho makubwa. Kila nyumba aliyoingia alikuwa ameambiwa karibu, keti, usijisumbue. Hakuna aliyewahi kumfokea na kumwambia kesho katika sentensi moja.

"Ndiyo, mama," akasema. Akaenda kunawa, mbio.

Bi Sikudhani alisimama uani, machozi yanamshuka hadi puani. Hakuyafuta, na hakuona haya. Alifurahi, na furaha yenyewe ilimuuma, maana bandani pake jioni ile pangekuwa kimya. Mama Ng'ombe akamwita, "Dada, ingia basi, unywe uji." Akaingia. Kule nyuma ya nyumba wakamsikia Pirika anamwaga maji ya kunawa, na Mama Ng'ombe anafoka tena, na yule mtoto anacheka.

Tangu siku ile wazee wa kijiji kile waliongeza neno lao, na mimi nawaachia kama nilivyolipokea. Mgeni mpe mkeka, lakini mtoto umtakaye awe wako, mtume. Mwenye nguvu nyingi si mbaya. Hajapewa kazi tu. Na anayemtafutia mwenzake kwao asikate tamaa kwa milango iliyofungwa. Kwanza amsikilize huyo mwenzake anaomba nini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeitua kama mzigo mbele yenu. Mwenye mgongo na aibebe, aipeleke kwao.