Mfalme Tambwe na Kiti Kilichougua

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Na maneno!

Basi mwenye maneno ni mimi. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna taratibu, usinipoteze.

Alikuwako mfalme, jina lake Tambwe. Akisema, limesemwa. Akinuna, nchi nzima inanuna. Na sheria kubwa ilikuwa moja: aliye kitini ndiye mfalme. Kiti hicho mtu mwingine hakigusi, hata kukifuta vumbi. Akikigusa, kifo.

Sasa sikilizeni raha ya mfalme. Chakula chake kinaonjwa na watu watatu, kisije kikatiwa sumu. Wa kwanza anakula mnofu. Wa pili anakula mnofu. Wa tatu anaramba mchuzi. Mfalme anafikiwa na mifupa, nayo imepoa! Akisinzia, mlinzi anamtikisa: "Bwana mkubwa, lala bila wasiwasi, uko salama!" Kutembea hatembei, anabebwa. Mwishowe miguu ikavimba, macho yakawa mekundu, moyo ukawa unamdunda ovyo.

Akaitwa mganga Shomari. Akamtazama, akasema kweli: "Bwana mkubwa, unaumwa. Na kinachokuumiza ni ufalme."

Loo! Shomari akatiwa gerezani. "Ijumaa jua likizama, atupiwe mamba!"

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini nani angethubutu kumwambia mfalme methali?

Shomari alikuwa na mke, Bi Mize, naye mganga. Kwa dawa walikuwa sawasawa, ila ulimi wa Mize ulijua kupita vichochoroni. Akalia mpaka akachoka, akafuta machozi, akajifunga kanga kibwebwe, huyoo mpaka kwa mfalme.

"Bwana mkubwa, wewe mzima. Kinachoumwa ni hicho kiti."

Mfalme akashangilia: "Nilijua! Nilijua! Nilijua! Mimi sijawahi kuwa na kosa!"

"Kipelekwe mtoni, kikaoshwe, kianikwe. Ukipata nafuu, nipe mume wangu."

"Utapewa. Nisipopona, mamba watakula wawili."

"Nani atakibeba?" akauliza Waziri Pandu. Watu wakatazama chini. Ikabidi mfalme ajitwike mwenyewe.

Siku ya kwanza akafika mlangoni, akahema, akarudi. Siku ya pili akafika sokoni, akahema, akarudi. Siku ya tatu, ndiyo Ijumaa yenyewe, akafika mtoni, jasho linamchuruzika. Nyuma yake Mize, roho mkononi. Nyuma ya Mize, Pandu na walinzi.

Mtoni palikuwa na mama anafua. Mama huyo hamjui mfalme kwa sura, angemwonea wapi? "We baba! Unanivurugia maji! Hebu songa huko na kiti chako!"

Walinzi wakainua mikuki. Mfalme akasonga. Wallahi, akasonga! Tangu atawale hajawahi kuambiwa songa, na kumbe mwili ulikuwa unalitamani neno hilo. Akaosha kiti, akakianika juu ya jiwe. Yule mama akamwonea huruma, akampa muhogo wa moto na dagaa, haujaonjwa na mtu. Akala, akaramba vidole, akajinyoosha mchangani, akalala fofofo. Mlinzi akanyemelea kwenda kumwambia yuko salama, Mize akamfinya.

Kiti kikakauka, kikang'aa. Pandu akatazama huku. Akatazama kule. "Napumzisha kiuno tu," akasema. Akakaa. Kumbe hakufa! Alipoona hakufa, hakuinuka tena. Walinzi wakakonyezana: aliye kitini ndiye mfalme. Wakapiga magoti.

Tambwe akaamka, miguu imenywea, macho meupe. Akaona mambo. Akatazama kiti, akatazama muhogo uliobaki. Akachukua muhogo. Hee, chekeni tu!

Mize hakucheka. Aliyemwahidi kumpa mumewe si mfalme tena, na jua lile linateremka.

Mara Pandu akaita: "Mganga! Nimekaa kidogo tu, mbona miguu inaniwaka? Naumwa?"

Mize akaitazama. Ilikuwa imeanza kuvimba. Akamkumbuka Shomari na kweli yake, akapiga goti. "Uumwe wewe, bwana mkubwa? Sijapata kuona mtu mzima wa afya kama wewe!"

"Huyu ndiye mganga!" Pandu akachanua. "Omba utakalo."

"Mume wangu."

"Afunguliwe!"

Shomari akaletwa, amekonda, na Mize akamkumbatia mbele za watu bila haya. Walipoanza kuondoka, Tambwe akawafuata, muhogo mkononi.

"Bi Mize, umemdanganya yule. Atakufa pale."

"Nimemdanganya," Mize akasema. "Wewe ulipoambiwa kweli, ulifanya nini?"

Tambwe akamtazama Shomari alivyokonda. Akaumega muhogo, nusu akampa.

Ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, kaleni na wenzenu. Ikiwa chungu, niachieni, nimeizoea.