Kuku Aliyetetea Tumboni

Sogeeni, wajukuu, ngano imeiva. Mwanakheri alimla kuku wa jirani kwa siri, na kuku akawa anatetea tumboni mwake kila akiswali. Akatubu mara ya kwanza, kuku akatetea. Akatubu ya pili, akatetea. Akatubu ya tatu, akatetea.

Zimwi likaja mlangoni likicheka. "Mungu kakuchoka, dada. Kuwa wangu, nimnyamazishe huyo kuku."

"Mungu hachoki, we mla mizoga. Mwenye kuku ndiye sijamwambia, kwa aibu yangu."

Akamchukua kuku wake anayetaga, akalipita zimwi, akaenda kwa jirani yake, Bi Zuwena.

"Kuku wako nilimla mimi. Pokea huyu, unisamehe."

Bi Zuwena akamtazama. "Kumbe nimemlaani kicheche bure. Nimekusamehe, ila hata mchuzi hukuniletea."

Hapo kuku wa tumboni akanyamaza, na zimwi likaondoka na njaa yake. Ngano nimeitua, mzigo wake ni wenu.