Tawi la Njia Panda

Paukwa.

Pakawa.

Hiyo pakawa ya nani, imelegea hivyo? Nasema paukwa.

Pakawa!

Haya, angalau mko macho. Wenye mahindi mdomoni wameze kwanza, maana hadithi yenyewe haina raha sana.

Palikuwa na msitu, na ndani ya msitu palikuwa na maporomoko ya maji ambayo wenyeji tu ndio walioyajua. Njia yake ilikuwa rahisi, haina mlima, haina miiba, hata bibi kizee aliimaliza bila kuhema. Jambo la kuangalia lilikuwa moja tu. Katikati kulikuwa na njia panda: kulia ni majini, kushoto ni kwenye kinamasi. Wenyeji walilaza tawi kuifunga njia ya kushoto, na kila aliyepita aliweka jani moja bichi juu ya tawi, kama salamu. Tangu msitu uwe msitu, hakuna aliyewahi kulihamisha.

Humo alikaa Perere, yule mnyama mdogo wa mitini asiye na mkia, pamoja na mama yake, Bi Sangale. Macho ya Bi Sangale yalikuwa yamekwisha. Kila siku alikwenda majini peke yake, akipapasa kwa mguu mpaka aguse tawi, kisha akashika njia nyingine. Akifika alikaa juu ya jiwe lake, manyunyu yakimrukia usoni. Hakuwa na starehe nyingine duniani.

Mwaka huo mvua ikagoma. Nyati akaja kutoka bondeni, di, di, di. Alikuwa amekwisha kumaliza mabwawa matatu, na maji aliyoshindwa kunywa aligaagaa ndani yake mpaka yakawa uji.

"We mtoto," akamwambia Perere, "maporomoko yako wapi? Nataka yawe yangu peke yangu."

Perere akawaza. Huyu akiyapata, mama atakwenda wapi? Lakini akajibu kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Njia ni rahisi. Ukifika njia panda, iliyolazwa tawi imefungwa. Wewe shika nyingine."

"Na ukinidanganya?"

"Waulize wenyeji."

Nyati akamwuliza Kanga, "Eti, lile tawi husema kweli?" Kanga akajibu, "Tawi ni tawi." Akamwuliza Digidigi, "Eti, lile tawi husema kweli?" Digidigi akajibu, "Tawi ni tawi." Akamwuliza Bi Sangale, aliyekuwa anaota jua.

"Tawi ni tawi, baba," akasema bibi. "Mimi sioni, na halijanipoteza hata siku moja."

Nyati akaridhika. Lakini wakati yeye anaulizauliza, Perere alikuwa ameshafika njia panda, ruka huku, ruka kule. Akalikamata tawi kwa meno, bururu, bururu, akalitoa kushoto akalilaza kulia. Kisha akapanda mti akajibanza.

Nyati akaja, di, di, di. Akalitazama tawi. Akashika njia ya kushoto. Di, di, pwata. Pwata, pwata, chubwi. Halafu sauti ikasema, "Jamani, mimi nazama."

Perere alicheka mpaka akajishika mbavu. Akapita juu kwa juu mitini hadi majini, kuwapa wenzake habari. Basi mngeona ngoma ilivyochezwa. Kanga aliimba, Digidigi akakata kiuno, na Perere akabebwa juu juu kama bwana harusi. Akasimulia mara ya kwanza. Akasimulia mara ya pili. Mara ya tatu, alipofika mahali pa kulivuta tawi, akanyamaza. Akaliangalia jiwe la mama yake. Halikuwa na mtu.

Akakimbia. Pale njia panda tawi lilikuwa palepale alipoliweka, na juu yake kulikuwa na jani moja bichi.

Huko kinamasini Nyati alikuwa amebakiza pua na pembe.

"Nilimwambia arudi," akasema Nyati, na hasira yote ilikuwa imemwisha. "Nilimwambia, bibi, huku siko, tumedanganywa. Akaniambia hata miguu yake ilikuwa inamwambia hivyohivyo. Lakini lile tawi lina harufu ya mwanangu, akasema, na mwanangu hawezi kunipoteza."

Perere akalitazama tope. Lilikuwa limetulia. Akaita, "Mama." Akangoja, akaita tena.

Siku hiyohiyo alilirudisha tawi mahali pake, kwa meno yaleyale. Maji yapo mpaka leo, safi, na wenyeji wanakwenda na kurudi. Kila anayepita anaweka jani, isipokuwa Perere. Yeye yuko juu ya mti, na mkipita msituni mtamsikia: anaanza taratibu, kisha anapaza, anapaza, mpaka sauti inakatika. Wageni husema anaimba. Haimbi, anaita.

Basi hadithi imefika kwao, na mimi nimefika kwangu. Aliyeiona tamu aibebe, aliyeiona chungu aniachie mwenyewe.

Mnataka funzo? Funzo lake ni kwamba mjanja hapotezi kitu. Ndivyo nilivyofundishwa na mimi nawapa hivyohivyo. Haya, nendeni nyumbani, na kila mwenye mama akamsalimie.