Mwindaji, Zimwi na Mama Mkwe Ukunguni

Itikieni, nianze! Haya, mmeitikia.

Palikuwa na mwindaji, Shekigenda, mwenye mshale wa kichawi usiokosa kamwe. Asubuhi moja aliingia msituni kuliwinda zimwi lililokuwa likimaliza mbuzi wa kijiji. Ukungu ukashuka mzito kama uji, na mama mkwe wake alikuwa humo humo akiokota kuni.

Mara kivuli kikubwa kikasimama mbele ya mwindaji. Shekigenda akavuta upinde. "Nani wewe?"

"Ni mimi, mama mkwe wako," ikajibu sauti nyororo.

Akikosea, atamuua mama wa mkewe; akisita, ataliwa. Akauliza, "Mama, uwindaji wangu unauonaje?"

"Huna mfano, mwanangu!"

"Na nyumba niliyomjengea binti yako?"

"Jumba la kifalme!"

"Na mimi kama mkwe, je?"

"Mungu atupe nini tena?"

Shekigenda akaachia mshale. Zimwi likaanguka puu!

Nyuma ya mti ikalipuka sauti kali: "Shekigenda! Unapiga soga na mazimwi, kuni nibebe peke yangu?"

"Shikamoo, mama!" akasema kwa furaha, akajitwika mzigo wote.

Wakafika salama, nami nimenyamaza.