Msimu wa Kukagua Paa

Paukwa!
Pakawa!
Kinu?
Kilie!
Mafuta?
Yatiririke!

Walikuwepo hawa. Alikuwepo Fisi Mang'unya, mwenye kinu cha kukamua ufuta. Alikuwepo Punda Kirongwe, aliyezungusha kinu. Alikuwepo Kobe Msembe, aliyezoa mashudu. Alikuwepo Kima Shungi, aliyemimina ufuta. Na alikuja Korongo Mwinyikai, mkaguzi wa Mfalme Simba. Hao tu.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na viwanda vyao, Simba alikuwa na desturi. Kila msimu baragumu lililia, puuu! Mpiga mbiu akataja jambo moja la kukaguliwa. Msimu wa maji, wenye viwanda walijaza mitungi. Msimu wa vumbi, walifagia. Mengine yalingoja.

Msimu ule mbiu ilisema: paa. Fisi akaezeka makuti mapya. Akalizunguka paa lake, akalizunguka tena, akacheka.

Chini ya paa, mti wa kinu ulikuwa na ufa. Punda akivuta, mti unalia: kwiii-ka! Kwiii-ka!

"Bwana Fisi, mti huu utaniangukia."

"Umetajwa kwenye mbiu?"

"Haukutajwa."

"Basi vuta, mwanangu. Masikio yote hayo, na mbiu hukuisikia!"

Korongo akafika. Shingo juu, mdomo juu, akakagua makuti. "Safi," akasema.

Kima akawashwa na swali. "Shikamoo, Bwana Mkaguzi. Nani humchagulia Mfalme jambo la msimu?"

"Marahaba, binti. Hakuna. Mfalme husikiliza tu. Panapolia wengi, ndipo anaponituma. Msimu wa maji walilia nyumbu wote wa kiwanda cha matofali, kwa sauti moja."

"Na akilia mmoja?"

Korongo akafikiri. "Mmoja husikika kama mbu."

"Basi inama, uusikie mti huu."

"Kuinama sikutumwa. Lakini njooni wote kwa Mfalme, nitawaingiza."

Kobe akatoa kichwa. "Wote? Hapa wawili wakinong'ona, Fisi huwafukuza. Tangu lini tukawa wote?"

"Tangu sasa," akasema Kima.

Punda akaanza kufungua kamba. Fisi akamzuia. "Wewe kwanza umalize gunia hili. Hao wengine waende wakachekwe."

Wakaenda, Kima mbele, Kobe nyuma, taratibu, taratibu. Wakalia mbele ya Simba kwa pamoja. Simba hakucheka. Baragumu likalia, puuu! "Msimu huu ni miti ya vinu! Na wafanyakazi waachwe wazungumze!" Korongo akarudi kwa Fisi, safari hii ameinama, akakifunga kinu.

Nami naikomesha hapo hadithi yangu, wakubwa kwa wadogo. Funzo lake ni hili: serikali hutazama kunakotoka kilio, kwa hiyo wafanyakazi wasizuiwe kulia pamoja, na mwenye kiwanda asingoje mbiu ndipo azibe ufa anaouona.

Punda Kirongwe alikufa siku ile chini ya mti wa kinu, kabla baragumu halijalia.