Kiu ya Mkaratusi

"Muulize mgeni kiu, kisha umpe kiti." Jana mlimsikia mwenyekiti akimwambia hivyo yule kijana aliyetuletea miche ya bure, mkacheka. Wewe Namsifu ukaniuliza, "Bibi, si mlitufundisha mgeni apewe kiti kwanza?" Ndivyo tulivyowafundisha. Lakini msemo huu haukuanzia kwa mtu. Ulianza hivi.

Hapa Ikongwe chemchemi yetu ilikuwa chini ya mkuyu mkubwa. Maji yake hushuka kwenye ndiva, lile bwawa letu la udongo. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, na kila nyumba inamwagilia kwa zamu. Mwaka nilioolewa, mkuyu ule ulianguka kwa uzee. Watu wakahangaika, maana kwetu chemchemi haiachwi uchi. Maji yakikutana na jua, walisema wazee, huona haya yakarudi ardhini.

Mgawa maji alikuwa Mzee Semvua. Akasafiri siku tatu, akarudi na miche ya mikaratusi ndani ya gunia lililoloweshwa. "Mti huu hausubiri wajukuu," akatuambia. "Mwenyewe utakaa kivulini mwake." Baragumu likapigwa, tukatoka msaragambo, kazi ya kijiji kizima, tukaizungushia chemchemi miche hamsini. Mama mkwe wangu, Nakijwa, mama wa mume wangu Elieza, alipanda sita kwa mkono wake.

Na kweli, miti ile haikutuaibisha. Mwaka wa nne ilikuwa imeipita nyumba kwa urefu. Tukapata nguzo zilizonyooka, kuni za karibu, na majani ya kumfukiza mtoto mwenye mafua. Boriti hizo zilizo juu ya vichwa vyenu zilitoka pale. Siwezi kuutukana mti unaonifunika.

Lakini ndiva ikaanza kuchelewa kujaa. Nakijwa alikuwa mjane, na kilichotulisha ni shamba lake la tangawizi lililo mkiani mwa mfereji. Wa mkiani ndiye wa kwanza kukosa. Mwaka wa sita, zamu yake ilipofika, alipata maji ya kulowesha nyayo tu. Tangawizi ikawa njano, ikalala. Akapanda mpaka kwenye ndiva, mimi nyuma yake.

"Semvua! Maji yangu umempa nani?"

"Mama Elieza, sijampa mtu."

"Basi yameota miguu?"

"Tazama mwenyewe." Semvua akamwonyesha alama ya tope kwenye ukuta wa ndiva. "Zamani yalifika hapa kila asubuhi. Leo yameishia kule chini. Nadhani jicho la chemchemi limeziba. Kesho tutapiga baragumu, tulizibue."

Kesho yake tukachimba. Jembe la Nakijwa halikukuta tope. Lilikuta mizizi, myembamba, mingi kama nywele, imelijaza jicho lote. Akaivuta, ikatoka furushi zima. Akaikamua kama mtu akamuavyo nguo, maji yakachuruzika miguuni pake.

Watu wakaigeukia mikaratusi. Kila mmoja alijua amepanda mingapi.

"Mwizi wako huyo," Semvua akasema taratibu.

"Si mwizi," Nakijwa akajibu. "Mwizi huja kwa kunyata. Huyu tulimpokea kwa baragumu. Tukamsifu urefu, tukamkalisha karibu na mtungi. Nani alimuuliza kiu yake?"

"Hata mkuyu ulikuwa unakunywa."

"Ulikunywa ukatubakizia, Semvua. Na babu zetu walikuwa wameshaupima."

Mtu mmoja akapaza sauti, "Basi mgeni tumuage, ahsante kwa nguzo!" Watu wakacheka. Semvua hakucheka. Alichukua shoka, akaanza na ule aliokuwa ameupanda yeye.

Iliyokuwa chemchemini tuliikata yote. Lakini michache iliyozidi siku ile ya kupanda, aliyoipeleka Semvua kule kwenye mgongo wa mlima, pakavu, mbali na maji, Nakijwa alikataa isiguswe. "Kule akae," alisema. "Kule hamnyimi mtu." Tukachomeka tawi la mkuyu pale ulipokuwa wa zamani.

Mlidhani ndio mwisho? Mvua ya kwanza tu, visiki vikachipua. Mgeni akishazoea kiti haondoki kwa kuagwa mara moja. Tangawizi ya mwaka ule ilikufa, tukala mihogo ya kuomba. Maji yalirudi kidogo kidogo, na ile alama ya tope hayajaifikia mpaka leo. Nakijwa hakuuona mkuyu ukitoa kivuli.

Kwa hiyo, Namsifu, kila msaragambo ukipewa panga ukapunguze machipukizi ya visiki vile, usinung'unike. Unalipia swali ambalo sisi hatukuliuliza siku ya kwanza. Na yule kijana wa jana hakufukuzwa. Miche yake bado iko kwa mwenyekiti, kivulini. Ameambiwa arudi na mtu anayeijua, atueleze inakunywa kiasi gani, ndipo tuionyeshe pa kukaa.

Muulize mgeni kiu, kisha umpe kiti.