Kijungu Kilichohamia Mvunguni

“Mtaka cha mvunguni sharti ainame.”

Mmeisikia leo asubuhi, wajukuu zangu, mama yenu alipomwambia Hamduni, na Hamduni akanuna akidhani ameitwa mvivu. Hakuitwa mvivu. Sogeeni, niwaeleze huku nachambua mchele wangu. Methali hii haikuanguka kutoka mbinguni. Ilizaliwa ndani ya nyumba ya watu, nyumba yenye paa bovu, na ilianza hivi.

Palikuwa na mji mdogo wa minazi ukiitwa Mtondooni. Hapo aliishi mkwezi mmoja, Shomari, kazi yake kukwea minazi ya watu na kuangua nazi kwa ujira. Alikuwa hodari kweli. Mnazi ambao wakwezi wengine waliutazama wakaanza kukohoa, yeye aliupanda akiimba. Mke wake aliitwa Mwatime, na mtoto wao wa kike, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatambaa, Zawena. Mama yake Shomari, Bi Mize, aliishi nao humo humo. Magoti yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo kitanda chake cha kamba kilikatwa miguu kikawa kifupi, apate kupanda na kushuka bila taabu. Kutwa alikaa juu ya kitanda hicho katika chumba cha mbele, akitafuna tambuu na kuwatambua wapita njia kwa vishindo vya miguu yao.

Watu walikuwa wema, na nyumba ilikuwa na vicheko. Ila paa. Boriti zake zilikuwa zimeliwa na mchwa hata ukizigonga zinaitika kama ngoma. Masika yaliyopita Zawena alikuwa mchanga wa wiki chache, na Mwatime alishinda akihamisha mkeka kutoka pembe hii hadi ile, mtoto kifuani, akiyakimbia matone. Mtoto akashikwa na kifua, akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Mungu akamponya. Mvua zilipokatika, akaitwa fundi wa nyumba. Akatazama juu, akatikisa kichwa.

“Mama Zawena, hili halitavuka masika mengine. Na siku likianguka halitauliza nani amelala chini yake.”

Makuti Mwatime aliweza kuyasuka mwenyewe, na alianza siku hiyo hiyo. Lakini boriti za mkoko hazisukwi. Zinanunuliwa. Na muuzaji wake alifika Mtondooni mara moja tu kwa mwaka, joto la kaskazi linapokaribia kwisha. Asiye na fedha mkononi siku hiyo alibaki akimtazama kisogo.

Basi wakaanza kuweka akiba. Waliweka kwenye kijungu cha udongo, na kijungu wakakiweka kwenye kidaka, yaani kile kishimo cha ukutani, kando ya mlango wa mbele. Kila Shomari alipolipwa alidondosha kitu kijunguni, nacho kikalia *tiing*, na wote wakafurahi.

Mwatime naye akabana jikoni. Nazi iliyokuwa ya mchuzi wa siku moja akaifanya ya siku mbili, leo tui zito, kesho tui la pili. Taa aliizima mara watu walipomaliza kula, wakazungumza gizani, na mazungumzo hayakupungua utamu. Mboga aliacha kununua, akachuma kisamvu na mchicha uani. Hakulalamika. Alikuwa akisuka makuti yake akimwimbia mtoto, “Mwaka huu, mwanangu, mvua itapiga nje, sisi tuko ndani.”

Lakini kijungu hakikujaa. Kila alipokitikisa kilikuwa chepesi kuliko alivyokiacha.

Msidhani Shomari alikuwa mlevi, wala mwizi wa nyumba yake. Tatizo lake lilikuwa mkono mkunjufu, na kidaka kilichokuwa sawasawa na bega lake. Mbele ya nyumba palikuwa na baraza, na barazani wapo marafiki. Muuza kahawa alipopita na dele lake, lile birika refu la kahawa, akigonganisha vikombe, Shomari alisema, “Njoo, wape hawa, nalipa mimi,” na mkono wake ukapita mlangoni, ukaingia kidakani, ukatoka. Kashata zikipita, mkono ukaenda. Mtu akija na mchango wa harusi, mkono ukaenda.

Siku moja Mwatime alikaa kimya na kazi yake, akautazama mkono ule. Akaona jambo lililomshangaza. Shomari alikuwa akisimulia habari ya nyoka aliyemkuta juu ya mnazi, na mkono ukaingia kidakani ukatoka bila yeye hata kukatisha neno. Nyoka hakukatizwa! Mwatime akajiambia, kumbe mume wangu hatumii. Ni mkono unaotumia, yeye mwenyewe hana habari.

Angeweza kugomba, na wapo ambao wangegomba. Yeye alikwenda akapiga goti mbele ya Bi Mize.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mkwe wangu. Shikamoo ya saa hizi ina mkia. Sema.”

“Naomba unisitirie kitu chini ya kitanda chako. Kile kijungu.”

Bi Mize akaacha kutafuna. “Unakificha mwanangu asikione?”

“La, mama. Fedha ni jasho lake. Nitamwambia kipo wapi, wala sikifungi. Nataka tu kisiwe mahali mkono unapofika peke yake. Nataka mkono ukitaka kwenda, uende na mwenyewe.”

Bi Mize akacheka mpaka kitanda kikalia. “Kisukume mpaka ukutani,” akasema. “Kabisa. Mtu akikitaka, ajue kwamba alikitaka.”

Kesho yake muuza kahawa akapita. Shomari, katikati ya hadithi, akapeleka mkono kidakani. Ukagusa udongo mtupu. Hadithi ikakatika.

“Mama Zawena! Kijungu kimeibiwa!”

“Hakijaibiwa, Baba Zawena. Kipo mvunguni mwa mama. Jichukulie tu.”

Shomari akaingia ndani, akasimama mbele ya kitanda kile kifupi. Lazima niwaambie kwamba mkwezi ni mtu wa juu. Mikono yake imezoea kwenda juu, macho yake yamezoea kutazama juu. Zaidi ya hapo, Shomari jioni alivaa kanzu nyeupe, na kanzu yake aliipenda. Akachungulia. Giza. Akachukua ufito, akauingiza mvunguni akipapasa kama anayetafuta kaa. Kutoka juu ya kitanda ikaja sauti ya mama yake.

“Unatafuta nini, mwanangu?”

“Hela kidogo tu, mama. Ya kahawa.”

“Ya kahawa yako?”

“Ya… ya watu.”

“Aa. Basi acha ufito, utakivunja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.”

Shomari akaitazama sakafu ya udongo, akaitazama kanzu yake. Alipokuwa bado anaamua, vikombe vya muuza kahawa vilisikika vikigonga mtaa wa pili. Akatoka mikono mitupu. Barazani rafiki yake Hatibu akampokea, “Vipi, mkwezi, kijungu kimepanda mnazi?” Wote wakacheka, na Shomari akacheka nao, ingawa neno lile lilimchoma kidogo.

Ikawa hivyo siku nyingi. Mara alianza kuinama kweli, kwa dawa ya mtoto au chumvi ya nyumba, Mwatime akamwahi kuingia mvunguni kumtolea, na mama hakusema kitu ila “Haya, baba.” Mara aliingia, akasimama, akajiuliza, akatoka. Fedha za ujira mpya Mwatime ndiye aliyezisukuma mvunguni, kwa kuwa yeye kulala kifudifudi hakuona haya. Mtoto alimfuata huko huko akidhani ni mchezo.

Sasa kaskazi ikawa inafika mwisho. Mawingu yakaanza kukusanyika jioni, na habari zikaja kwamba muuza boriti yumo njiani. Siku hizo hizo mtaa wa akina Shomari ulikuwa na shindano la ngoma na mtaa wa ng'ambo. Wakaketi barazani kupanga karamu. Mmoja akasema ataleta mchele, mwingine akasema kuni. Shomari, damu ikiwa imempanda, akasimama. “Mbuzi ni wangu! Wawili! Wasituchezee wale!”

Watu wakampigia makofi. Mwatime alikuwa ndani, akasikia. Kuti alilokuwa anasuka likamwanguka mikononi, maana bei ya mbuzi wawili ilikuwa ndiyo bei ya boriti zote. Shomari alipoingia, yeye alisema neno moja tu.

“Baba Zawena, muuza boriti yuko karibu.”

“Nimeahidi mbele ya watu, Mama Zawena. Unataka waniite kinyonga?”

Mwatime akamwinua mtoto. Akaketi kwenye mkeka akamlaza mtoto, kwa kuwa usingizi ulikuwa umemchukua. 

Safari hii Shomari hakuchukua ufito. Alipandisha kanzu, akapiga magoti, kofia ikamdondoka, akalala kifudifudi, akaingiza mkono. Haukufika. Akasukuma bega, akageuza uso pembeni, shavu likagusa sakafu.

Na hapo, uso ukiwa umeelekea chumbani, akaona nyumba yake kwa namna ambayo hakuwahi kuiona. Alikuwa ameingia na kutoka humo miaka yote akiwa amesimama. Sasa alikuwa sawasawa na mtoto wake aliyelala. Aliona jinsi vumbi la mchwa lilivyokuwa likishuka kutoka juu, jembamba kama unga unaopepetwa, likitua kwenye nywele za Zawena, kwenye kope zake. Aliona mkono wa Mwatime ukilifuta taratibu, na vumbi likitua tena, na mkono ukilifuta tena, na mwenye mkono hatazami hata anachofanya. Akajua kwamba mkono ule ulikuwa umezoea. Akainua macho kutoka pale chini. Boriti iliyo juu ya mkeka ilikuwa imepinda kama mgongo wa mzee.



Kisha vidole vyake vikakipata kijungu. Akavuta. Hakikuja. Akadhani kimenasa, akaingiza mkono wa pili, akavuta kwa nguvu, nacho kikaja kikikwaruza sakafu. Kilikuwa kizito. Alikuwa na habari ya kile kijungu chepesi cha kidakani. Hiki hakukijua.

“Unatafuta nini, mwanangu?” akauliza Bi Mize.

Shomari akaketi sakafuni, kanzu yote vumbi, amekipakata kijungu kama mtoto.

“Nilikuwa natafuta mbuzi, mama.”

“Na umepata nini?”

Shomari akatazama juu. “Nimepata boriti.”

Mwatime akaficha uso wake kwenye upande wa kanga. Shomari akakirudisha kijungu mvunguni mpaka ukutani, na safari hii kuinama hakukumsumbua. Kilichomsumbua kilikuwa mbele yake bado, yaani kutoka nje kwenda kwa watu wa barazani. Akatoka vile vile na vumbi lake.

“Jamani,” akasema, “nimesema neno kubwa kuliko nyumba yangu. Mbuzi siwezi. Siku ya karamu nitawaangulia madafu, kila mtu anywe mpaka atosheke, na ujira sitaki. Lakini mbuzi siwezi. Mwanangu analala chini ya paa bovu.”

 Kisha Hatibu akamtazama tangu kichwa mpaka miguu. “Umetoka wapi hivyo? Umepigana na kuku?”

“Nilikuwa mvunguni mwa mama.”

Kicheko kilichozuka hapo kilisikika mpaka mtaa wa ng'ambo. Lakini kilikuwa kicheko cha watu wema, na kilipokwisha Hatibu alisema, “Kumbe mkwezi huyu kushuka anajua! Basi mbuzi mmoja tutachanga sote, na atatutosha. Na siku ya kuezeka mtuite.”

Muuza boriti alifika, akalipwa, akaondoka. Wanaume wa baraza lile lile ndio waliopandisha boriti, na makuti ya Mwatime yakapangwa safu kwa safu mpaka kileleni. Kwenye ngoma walishindwa, nasikia, lakini madafu yalisifiwa sana.

Masika yakaja kwa kishindo. Mvua ilipiga, radi zikapasuka, na ndani hapakudondoka tone. Zawena alilala usingizi wa kukoroma. Bi Mize alilalamika kwamba sasa kelele za mvua zimekuwa ndogo mno, hapati usingizi, na watu wakamcheka.

Kijungu hakikurudi kidakani tena. Boriti zilipokwisha lipwa kilikuwa karibu kitupu, nao wakaanza upya, kwa ajili ya mambo mengine. Muuza kahawa aliendelea kupita, na Shomari aliendelea kunywa kahawa yake. Siku nyingine aliinama akawanywesha wote, na siku hizo alijua kwamba amewanywesha, na kahawa ile ilikuwa tamu zaidi.

Mvua zilipopungua, kijana mmoja wa mtaani aliyekuwa ameoa karibuni alisimama barazani akilitazama lile paa jipya. Akamvuta Shomari pembeni.

“Kaka, niambie siri. Ulimwinamia tajiri gani akakukopesha?”

“Sikumwinamia mtu,” akajibu Shomari. “Niliinama kwangu. Afadhali kuinama mvunguni mwako kuliko kuinama mlangoni mwa mwenzio.”

“Lakini mimi kila ninachoweka hakikai.”

“Unaweka wapi?”

“Hapa kibindoni.”

Shomari akacheka, akamshika bega. “Nenda nyumbani ukatafute mahali pa chini, mahali pagumu, ukakitie huko. Mkono ukikitaka, uende na mwenyewe. Mama yangu aliniambia, nami nikadhani ananisimanga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.”